Ramu ya viungo na pipa lililochomwa moto: maswali mnayotuuliza dukani Moshi

Tunauza vinywaji hapa Moshi mjini, na hakuna chupa inayoulizwa maswali kama Bacardi Spiced, ramu ya viungo yenye picha ya popo. Mmoja anauliza habari za popo, mwingine bei, mwingine kama ina pilipili. Tumeandika majibu mara moja hapa, mengine marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu. Mtu akijua kilichomo kwenye glasi yake atakunywa kidogo na kukifurahia zaidi.

Ramu ni nini hasa? Ni jamii moja na Konyagi?

Ramu hutoka kwenye miwa, basi. Whisky ni ya nafaka na brandi ni ya zabibu. Ramu nyingi duniani, hii ikiwemo, huanzia kwenye molasi, ile rojo nyeusi nzito inayobaki kiwandani sukari ikishatolewa. Molasi huongezwa maji, ikatiwa hamira, ikaachwa ichachuke. Baada ya hapo huchemshwa kwenye mtambo. Mvuke wa kilevi hupanda, hupozwa, na hushuka ukiwa kimiminika kikali kisicho na rangi hata chembe.

Konyagi yetu ni pombe kali yenye ladha yake, lakini haipitii kwenye pipa. Ramu tunayoizungumzia hulazwa kwanza kwenye pipa la mwaloni lililochomwa moto kwa ndani, ndipo viungo vinafuata. Tofauti kubwa iko hapo, na karibu kila jibu hapa chini litarudi kwenye pipa.

Inawasha? Ina pilipili?

Haina pilipili. Viungo vyake ni vya upande wa utamu: utasikia vanila, mdalasini, lozi kidogo na matunda makavu. Mchanganyiko kamili ni siri ya kiwanda. Ukali unaousikia kooni ni wa kilevi chenyewe.

Nani aliianzisha?

Facundo Bacardí Massó, mtoto wa Sitges, mji wa pwani ya Catalonia nchini Hispania. Alihamia Santiago de Cuba mwaka 1830 akiwa kijana, akafanya biashara ya duka kwa miaka mingi. Mwaka 1852 tetemeko la ardhi liliipiga Santiago na kipindupindu kikafuata nyuma yake. Facundo na mkewe Amalia Moreau walizika watoto. Miaka michache baadaye duka nalo likafilisika.

Mtu mwingine angerudi kwao. Yeye aliingia kwenye ramu, ambayo wakati ule Kuba ilikuwa kinywaji cha mabaharia na watu wa bandarini, kali, chafu, yenye harufu nzito. Tarehe 4 Februari 1862, kwa msaada wa fedha za nduguye José na kwa kushirikiana na mtengeneza pombe aliyeitwa José León Bouteiller, alinunua kiwanda kidogo cha John Nunes pale Santiago kwa peso 3,500.

Kazi aliyoifanya ndani ya kiwanda kile ndiyo ninayoiheshimu zaidi. Alichagua hamira ya aina moja na kuishikilia hiyohiyo, badala ya kuiachia molasi ichachuke kwa chochote kilichoruka hewani. Alitengeneza pombe za aina mbili, moja nzito yenye ladha nyingi na moja nyepesi, akazichanganya kwa kipimo. Aliichuja pombe kwenye mkaa. Halafu akailaza kwenye mapipa ya mwaloni mweupe na kuisubiri. Kila hatua ilikuwa ya kuondoa ukali bila kuua ladha, na watengenezaji wengi wa ramu nyepesi wamefuata njia hiyo baadaye.

Na popo kwenye chupa anafanya nini?

Familia inasimulia kwamba Doña Amalia aliingia kiwandani akaona popo wa matunda wamening'inia kwenye boriti za paa, akashauri wafanywe alama. Alikuwa na hoja mbili. Popo alihesabiwa kuwa dalili ya heri kwa Wahispania na kwa wenyeji wa Kuba. La pili ni la kibiashara kabisa: wateja wengi hawakujua kusoma, ila popo kila mtu alimjua. Watu wakawa wanaomba ramu ya popo. Hapa dukani kuna wateja wanaoiomba hivyohivyo hadi leo.

Nimesikia kiwanda kilitaifishwa. Kwa hiyo hii si ya Kuba?

Haitengenezwi Kuba tena. Kabla ya kufika huko, kuna mtu mmoja wa familia hii anayestahili kutajwa: Emilio, mtoto wa kwanza wa Facundo. Aliunga mkono uhuru wa Kuba dhidi ya Hispania, akafungwa na kupelekwa uhamishoni kwenye visiwa vya Chafarinas, karibu kabisa na pwani ya Morocco. Mwanawe alipigana vitani chini ya Jenerali Antonio Maceo, shujaa wa Kuba mwenye asili ya Afrika. Hispania ilipoondoka, Emilio akawa meya wa Santiago, akaanzisha jumba la makumbusho la mji, na baadaye akaliletea maiti iliyokaushwa aliyoinunua Misri. Bado ipo pale.

Mwaka 1936 kampuni ilikuwa imeshafungua kiwanda Puerto Rico. Hilo liliiokoa, kwa sababu Oktoba 1960 serikali ya Fidel Castro ilitaifisha mali zake zote za Kuba. Wazee wetu waliopitia Azimio la Arusha la 1967 watalielewa jambo hili haraka kuliko vijana. Majengo, mitambo na mapipa vilibaki Santiago. Jina la biashara lilikuwa limeshasajiliwa nje ya nchi, na utaalamu ulikuwa vichwani mwa watu. Leo makao makuu yako Bermuda, kiwanda kikubwa cha ramu kiko Cataño, ng'ambo ya ghuba ya San Juan nchini Puerto Rico, na kampuni bado ni mali ya familia. Mwenyekiti wake, Facundo L. Bacardí, ni kilembwe wa mwasisi.

Kuna mnazi pia. Mtoto wa Facundo aliupanda mbele ya kiwanda mwaka kilipofunguliwa, na watu wakasema kampuni itakaa Kuba maadamu mnazi uko hai. Ulikauka mwaka 1960.

Mnasifia familia. Waliokata miwa je?

Dada mmoja alituuliza hivi akiwa amesimama kaunta, na alikuwa na haki. Sukari ya Kuba, na kwa hiyo molasi yake, ilijengwa kwa mikono ya Waafrika waliotumikishwa. Kuba ilifuta utumwa mwaka 1886, miaka 24 baada ya Facundo kununua kiwanda. Waliopelekwa wengi walitoka Afrika Magharibi na Kongo, lakini walikuwemo pia Wamakua waliosafirishwa kutoka Msumbiji. Kuba waliandikwa Macuá. Wamakua ni watu wa Masasi na Mtwara vilevile. Anayesimulia urithi wa ramu, iwe ya kampuni hii au nyingine yoyote ya Karibi, akiwaacha hao nje atakuwa amesimulia nusu.

Kwa nini pipa lichomwe? Si mbao itaharibika?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kaeni kidogo.

Mbao za mwaloni hupindwa na kufungwa kwa pete za chuma hadi pipa lisimame. Halafu, likiwa bado wazi juu na chini, huwekwa juu ya moto na miali hupandishwa kwa ndani. Uchomaji wenyewe ni wa sekunde: ule mwepesi hufika sekunde 15 hivi, mzito kabisa 55 hivi, kisha maji yanamwagwa kuuzima. Ukimulika tochi ndani ya pipa lililochomwa kwa daraja la mwisho, unakuta ukuta mweusi uliopasuka vipandevipande, vinang'aa kwenye kingo. Mafundi wa Marekani huuita ngozi ya mamba. Ukikwangua mkaa huo unakutana na tabaka jembamba jekundu la mbao iliyopata joto bila kuungua.

Kila tabaka lina kazi yake. Mkaa hunasa harufu mbaya, hasa zile za salfa, kwa namna ileile mkaa unavyosafisha maji. Tabaka jekundu ndilo linalotoa ladha. Joto limegeuza sukari zilizomo ndani ya mbao kuwa karameli. Lignini, ambayo hushikilia nyuzi za mti zisiachane, imevunjika na kutoa vanilini, kemikali ileile inayoipa vanila harufu yake. Mwaloni mweupe wa Marekani unaongeza harufu inayokaribia nazi. Mchana wa joto pombe hutanuka na kujipenyeza kwenye mbao. Hali ya hewa ikipoa hujirudisha, ikiwa imebeba rangi na ladha. Mchezo huo unaendelea miezi na miaka.

Mchaga hapaswi kushangaa. Mbege yetu hupata uchungu wake kwenye gome la msesewe, na mpishi mzuri anajua lini gome limetosha. Pipa la ramu linahitaji jicho la namna hiyo.

Mapipa mengi yanayotumika kwa ramu yalishawahi kubeba bourbon, ile whisky ya Marekani. Sheria ya Marekani inataka bourbon ilazwe kwenye mwaloni mpya uliochomwa, kwa hiyo kiwanda hakiwezi kulirudia pipa kwa bourbon nyingine. Mapipa hayo ya lita 200 hivi huuzwa, na mengi huishia Karibi na Scotland.

Ina miaka mingapi?

Chupa ya Spiced haiandiki umri. Sheria ya Puerto Rico inataka ramu ikae kwenye pipa mwaka mmoja angalau. Maoni yangu ni wazi: hii si ramu ya kununua kwa ajili ya umri, na muuzaji asikuambie vinginevyo. Viungo vinaongeza utamu juu ya kazi ya pipa, lakini haviwezi kushika nafasi ya muda. Ukitaka kuonja muda peke yake, bila viungo, chukua Reserva Ocho ya watu haohao: imelala miaka 8 isiyopungua. Weka glasi mbili pembeni, moja ya kila aina. Kwenye Spiced vanila inakufikia puani kabla hujainamisha glasi. Kwenye Ocho inakuja polepole, nyuma ya mbao.

Ni kweli kwamba pombe inapungua ndani ya pipa?

Kweli. Mbao zinapumua, na sehemu hupotea kwa mvuke. Wenye viwanda huiita fungu la malaika. Scotland kwenye baridi hupotea asilimia 2 hivi kwa mwaka. Karibi, kwenye joto, hasara ni mara kadhaa ya hiyo. Ndiyo maana ramu ya miaka 8 ya visiwani ina ladha ya mbao nzito kuliko wanavyotarajia wanywaji wa whisky, na usiipime kwa namba ya whisky.

Rangi yote hiyo ni ya pipa?

Sehemu yake. Ramu nyingi za rangi, na za viungo hasa, huongezwa karameli ili kila chupa ifanane na mwenzake. Haina madhara, lakini usikubali kuuziwa weusi ukidhani ni uzee.

Kilevi chake ni kiasi gani?

Asilimia 35, sawa na Konyagi. Ramu nyingi zisizo na viungo zina 37.5 hadi 40. Sheria ya Umoja wa Ulaya hairuhusu kinywaji kilichotiwa ladha, au kilicho chini ya asilimia 37.5, kiandikwe ramu tupu. Kwa hiyo ukiona chupa iliyotoka Ulaya ina maelezo tofauti na iliyotoka Marekani, si lazima iwe feki.

Kulikuwa na OakHeart. Ni hiihii?

OakHeart ilitoka 2011, nayo ilikuwa ramu ya viungo iliyolazwa kwenye mwaloni uliochomwa. Spiced ilichukua nafasi yake. Waliozoea ile ya zamani wanasema ilikuwa na moshi kidogo zaidi, na mimi nakubaliana nao.

TPC wana miwa hapa Arusha Chini. Kwa nini Moshi hatuna ramu yetu?

Kila msimu wa kuvuna mtu anauliza hili. Miwa imelimwa pale tangu miaka ya 1930, wakati Wadenmaki walipoanzisha Tanganyika Planting Company, na penye sukari pana molasi. Malighafi si tatizo. Kinachogharimu ni pipa na subira. Mwaloni hauoti hapa, kwa hiyo mapipa yataagizwa; ukishayajaza, fedha yako inalala ghalani mwaka, miwili, mitano, huku malaika wakichukua fungu lao, na tambarare ile ya kusini mwa Moshi ina joto la kutosha kuwapa fungu nene. Mkopeshaji hapendi hesabu hiyo. Hata hivyo natamani kuiona ramu iliyozaliwa chini ya mlima huu, yenye karafuu ya Zanzibar na vanila inayolimwa hukuhuku Kilimanjaro. Siku ikitokea, tutaiweka rafu ya mbele.

Ila jambo moja lisichanganywe na ndoto hiyo: kutengeneza pombe kali nyumbani bila leseni ni kosa kisheria, na gongo imepofusha na kuua watu. Usijaribu.

Basi naweza kutia viungo mwenyewe kwenye ramu ya dukani?

Hilo ruksa, na linapendeza. Chukua chupa ya mililita 750 ya ramu ya rangi ya dhahabu isiyo na viungo. Andaa kijiti kimoja cha mdalasini, karafuu tatu, iliki tatu ulizozipasua kidogo, kipande cha tangawizi kisichozidi kidole gumba, ganda la chungwa ulilolimenya bila ile sehemu nyeupe, na ganda moja la vanila lililochanwa katikati. Tia vyote kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana, mimina ramu, funika, weka mbali na jua.

Karafuu ndiyo ya kuangaliwa. Itoe baada ya siku moja, la sivyo utakunywa dawa ya meno. Mdalasini na tangawizi vitoke siku ya pili au ya tatu. Ganda la chungwa likianza kuleta uchungu, toa. Vanila ikae wiki nzima. Onja kila siku kwa kijiko, chuja kwa kitambaa safi, na kama unataka utamu weka asali ya kijiko kimoja tu. Usitumie mdalasini wa unga: hauchujiki, na kinywaji kitabaki na tope.

Inanyweka vipi vizuri?

Kwanza ionje kavu, toti moja kwenye glasi ya kawaida na barafu moja. Ukishaijua, changanya utakavyo. Kwa joto la Moshi la Januari na Februari hakuna kinachoishinda Stoney Tangawizi: ramu kipimo kimoja, soda vipimo vitatu, nusu ya ndimu imekamuliwa na ganda lake likatumbukizwa humo. Kwa koka na ndimu unapata Cuba Libre, iliyoanza kunywewa Havana karibu na mwaka 1900, mara baada ya vita vya uhuru. Julai, baridi ikishuka kutoka mlimani, tia toti kwenye kahawa nyeusi ya Kilimanjaro iliyokorogwa na sukari guru.

Na chakula: kitimoto iliyokaangwa na ndizi, au mbuzi choma. Mafuta ya nyama na vanila vinapatana. Kwenye mtori siipendekezi.

Nitajuaje kama ni feki?

Kagua stempu ya TRA kwenye mfuniko. Pakua programu ya Hakiki Stempu kwenye simu, piga skani, ikuambie ni ya bidhaa gani. Angalia kama mfuniko umewahi kufunguliwa, kama lebo imekaa wima, kama maandishi hayana makosa. Bei ikiwa chini mno kuliko maduka mengine yote mjini, sababu ipo. Na ukimaliza chupa yako, ivunje au uikwangue lebo kabla ya kuitupa, kwa sababu wanaojaza feki wanaanzia kwenye chupa tupu halisi.

Ikishafunguliwa inakaa muda gani?

Haiozi. Lakini ikibaki robo, hewa iliyomo inapunguza harufu, kwa hiyo imalize ndani ya miezi michache. Isimamishe wima, mbali na dirisha. Friji haihitaji.

Mnamuuzia kila mtu?

Chini ya miaka 18, hapana, hata akija na salamu za mzee wake. Mjamzito tunamshauri aache kabisa. Aliyekuja na pikipiki au gari anachukua chupa iliyofungwa, hapewi toti.

Mzee, napanda mlima kesho. Nichukue ndogo ya kujipasha moto Kibo?

Wageni na hata vijana wetu wabeba mizigo huuliza, na jibu ni lilelile. Kibo Hut iko mita 4,720. Pombe haikupashi moto huko. Inafungua mishipa ya ngozi, joto la mwili linatoka nje, wewe unahisi uvuguvugu huku unapoa. Inakukausha maji, inavuruga usingizi na kupumua, na asubuhi kichwa kikiuma kiongozi wako hajui kama ni ramu au ni ugonjwa wa mwinuko, ambao ukicheleweshwa unaua. Ilipie leo kama unataka, tutakuwekea jina lako juu yake hapa dukani. Ukishashuka Marangu, ukaoga, ukala, pita uichukue.